Ubao Ule Ule, Theluji Nyingine



Mtu akiwa mwema mahali fulani, kisha akahama mazingira na kufanya jambo ambalo sisi tunaomfahamu hatukulitegemea kabisa, yupi ndiye yeye hasa? Yule wa mwanzo au huyu wa sasa? Swali hili limenikaa kichwani kwa miaka, na cha ajabu ni kwamba lilianza kunifunguka nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mteremko wa theluji huko Austria.

Nilikuwa Innsbruck kwa masomo. Mji umekaa bondeni, milima ya Alps imeuzunguka, na Jumamosi asubuhi unawaona vijana wakipanda basi na mbao zao za theluji kwapani, kama kwetu mtu anavyobeba mpira kwenda uwanjani. (Usishangae theluji kuingia huku kwetu. Mtakatifu Yohane Paulo II aliteleza kwenye theluji hata baada ya kuwa Papa, na Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025, alikuwa mtu wa milima na wa ski.) Wenzangu wa kikundi cha wanafunzi Wakatoliki wakanivuta. Nikanunua ubao wa mtumba kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa amemaliza na anarudi kwao.

Kwa ambaye hajauona: ni ubao mmoja mrefu, ukiusimamisha unakufika kama kidevuni. Miguu yote miwili inafungwa juu yake, unasimama ubavu. Chini una plastiki ngumu inayopakwa nta, na pembeni umezungukwa na ukanda mwembamba wa chuma. Ukanda huo ndio ukingo wake. Hakuna usukani, hakuna breki. Unageuka na kusimama kwa kulalia ukingo wa upande wa vidole au wa upande wa visigino, basi.

Siku yangu ya kwanza ya maana, theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, kavu na nyepesi kama unga. Theluji mpya ya aina hiyo sehemu yake kubwa ni hewa. Juu yake ubao haukati, unaelea kama ngalawa. Kazi yako ni kuhakikisha pua ya ubao inabaki juu: unaegemea kidogo mguu wa nyuma, unaacha mwendo ukubebe, unageuka taratibu. Ukisimama unazama. Ukianguka, umeangukia godoro. Nilianguka mara nyingi, nikacheka kila mara, na jioni nikajiona nimeshajua. Nikatuma picha nyumbani.

Wiki ile ile ukaja Föhn, upepo wa joto unaoshuka kutoka milimani, ambao watu wa Innsbruck wanaujua vizuri. Kutwa nzima theluji ikayeyuka ikawa majimaji, na ubao ule ule uliokuwa unaelea ukawa mzito, kama ndala kwenye tope, kwa sababu maji yanajikusanya chini yake na kuung'ang'ania. Hata nta inakugeuka: kuna nta ya theluji ya baridi kali na nta ya theluji yenye joto, na ukipaka isiyo yake unajisumbua tu. Usiku anga likatakata, baridi ikarudi, yale maji yakaganda. Asubuhi mteremko ulikuwa unang'aa kama sakafu ya vigae.

Kwenye barafu hakuna kuelea. Kila kitu kinategemea ule ukanda wa chuma wa milimita chache. Ukiwa mkali, na ukiulalia kwa utulivu bila kuukurupusha, unashika. Ukiwa butu unaporomoka ubavu mpaka chini. Mimi niliporomoka mpaka chini, nikavimba kifundo cha mkono, na neno la kwanza lililonitoka ni kwamba yule jamaa kaniuzia takataka.

Sasa sikiliza kilichotokea jioni ile ile. Ujumbe uliingia kutoka nyumbani Moshi. Rafiki yangu mmoja, tuliyetumikia naye altareni tangu utotoni, mtu ambaye kikundi chetu cha vijana kilimpa daftari la fedha bila hata kupiga kura, alikuwa amehamia Dar na kupata kazi ya stoo. Daftari alibaki nalo. Kukatokea msiba, watu wakachanga, na fedha za rambirambi ambazo zilipaswa kumfikia mama mfiwa hazikufika. Alikuwa amezila. Kwenye kundi la simu kila mtu alikuwa anaandika lake. Mimi niliandika mstari mmoja: "Kumbe siku zote alikuwa mnafiki."

Niliona nimesema jambo la akili. Yaani barafu ndiyo husema ukweli, ule unga wa mwanzo ulikuwa unamfichia tu.

Jumatatu nikapeleka ubao kwa fundi, mzee mmoja mwenye karakana ndogo. Hakuuliza habari ya barafu. Aligeuza ubao, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa chuma. Ukingo mkali hukwangua ukucha na kuacha vumbi jeupe. Wangu haukuacha kitu. Akanionyesha mapengo madogomadogo na kuniuliza nimepita wapi. Nikakumbuka. Siku ile nzuri, ya theluji ya unga, nilipita mahali ambapo theluji ilikuwa chache na mawe yalikuwa chini yake. Nikasikia mkwaruzo, nikaendelea. Nilivuka na changarawe za maegesho nikiwa nimefunga mguu mmoja, kwa uvivu wa kuinama na kufungua. Na kabla yangu mwenyewe wa kwanza naye alikuwa na mawe yake. Ukingo haukufa kwenye barafu. Ulikufa siku nzuri, siku ambazo sikuwa na haja nao, na theluji laini haikunipa hata dalili moja.

Mtakatifu Toma wa Akwino anafundisha kwamba fadhila ni tabia iliyojengeka ndani ya mtu, inayomfanya atende mema kwa wepesi, kama mwenye ufundi wake. Nakubali. Lakini yapo mambo yanayonizuia kuishia hapo. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa seminari moja ya Kiprotestanti huko Princeton, Marekani. Kila mmoja aliambiwa aende jengo jingine kutoa hotuba fupi, na baadhi yao hotuba yao ilikuwa juu ya Msamaria Mwema. Njiani palikuwa na mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kugumia. Waliokuwa na nafasi ya kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Aisee. Hawa si watu wabaya dhidi ya watu wema. Kilichowatenganisha ni dakika chache.

Je, tuseme basi kosa ni la theluji? Hapana, na hapa sitaki tuelewane vibaya. Fundi aliunoa ubao kwa tupa, akapiga nta kwa pasi, na niliporudi kwenye barafu ulishika. Nilianguka tena vilevile, lakini safari hii kwa kosa langu: nilikuwa bado naegemea nyuma kama niko kwenye unga. Theluji ilikuwa ileile kwa kila mtu mlimani, na wengine walikuwa wanashuka salama. Rafiki yangu alikula fedha ya mfiwa. Wapo wenye mishahara midogo kuliko wake ambao hawagusi cha mtu. Huo ni wizi, na kuuita mazingira ni kumdharau yeye mwenyewe, kana kwamba hana dhamiri.

Ila "mnafiki siku zote" ndiyo ilikuwa uongo wangu. Mnafiki anajua ukingo wake ni butu na anaigiza. Rafiki yangu, kama mimi siku ile ya picha, hakuwa amewahi kusimama mahali panapouliza swali hilo. Wema wake wa Moshi ulikuwa wa kweli, ila haukuwa umepimwa. Na wangu umepimwa wapi? Sijawahi kushika funguo za stoo nikiwa na kodi ya miezi mitatu mgongoni.

Tena kuna jambo moja lililonichoma kuliko yote. Ubao haujinoi. Lazima mkono mwingine uugeuze na kupitisha ukucha. Tulimfanyia sherehe ya kumuaga, tukala pilau, tukampa Rozari. Baada ya hapo nikahesabu: katika mwaka mzima kabla ya ule msiba, hakuna hata mmoja wetu aliyempigia kumuuliza kazi inaendaje au anaishije. Tulipiga tulipotaka kujua salio.

Nilichelewa miaka miwili. Mwezi uliopita nikampigia. Simu iliita sana, nikadhani hatapokea. Alipopokea nilimwambia kwanza kwamba nilimwita mnafiki mbele ya watu, na kwamba naomba anisamehe kwa hilo. Alikaa kimya. Kisha akaanza kunisimulia juu ya stoo ile, juu ya mshahara uliokuwa unachelewa, na jinsi alivyochukua elfu ishirini ya kwanza akiwa na nia ya kuirudisha Ijumaa. Sikumkatiza. Amesema yule mama ameshamlipa zaidi ya nusu, amebakiza laki mbili, na kila mwisho wa mwezi anampelekea mwenyewe mkononi, hatumi kwa simu.

Tumekubaliana nimpigie tena Jumapili hii, baada ya Misa ya pili.