Je, Nia Njema Yatosha?

Kila mwaka, kuanzia Juni hata Agosti, wanafunzi wengi wa Ulaya na Marekani hufika nchini mwetu, hasa pande za Moshi na Arusha, kwa hamu ya kujitolea kwa majuma machache. Mmoja atumaini kufundisha, mwingine kulea yatima, wa tatu kupaka rangi kuta za shule. Wameacha mapumziko yao, wametumia fedha zao. Hatuna haki ya kuwacheka. Walakini swali la dhamiri labaki: je, nia njema yatosha kulifanya tendo kuwa jema?

Haitoshi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Basi tendo la mapendo tusilipime kwa furaha ya mgeni peke yake, bali kwa hali ya mtoto baada ya mgeni kuondoka. Yatima aliyemzoea mlezi wa majuma mawili, akaachwa, akamzoea wa pili, akaachwa tena, amefunzwa nini? Amefunzwa kwamba kila ampendaye humwacha. Na fundi wa kijijini asiye na kazi, aionapo brashi mkononi mwa mgeni, asemeje?

Mwaka 1968 Padre Ivan Illich aliwahutubia wanafunzi wa Marekani waliokusudia kwenda kujitolea Mexico. Aliwaambia bila kuficha kwamba waende kutazama na kujifunza, lakini wasiende kusaidia. Twakiri kuna kweli katika ukali huo, ila si kweli yote. Vijana wa kwanza wa Peace Corps waliofika Tanganyika mwaka 1961 walikuwa wapimaji, wahandisi na wanajiolojia. Walikuja na ujuzi uliotakiwa, wakaja kwa miaka, si kwa majuma.

Tumtazame Msamaria wa Injili. Alitumia alichokuwa nacho: mafuta, divai na mnyama wake. Kisha hakung'ang'ania kumwuguza majeruhi mwenyewe hata apone, bali alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa gharama iliyozidi atakaporudi. Yule aliyekuwapo kila siku ndiye aliyepewa kazi ya kila siku, naye akapewa na fedha za kuifanyia.

Wenyeji nao wana wajibu wa kusema kweli. Mkuu wa shule ampaye mgeni asiye na ujuzi darasa la hesabu, kwa tumaini la kuachiwa fedha, amdanganya mgeni na kumdhulumu mwanafunzi. Afadhali amwambie kwa upole: "Karibu, mwanangu. Keti nasi, jifunze lugha yetu, tazama tunavyoishi. Na ukitaka kusaidia, msaidie mwalimu wetu apate vitabu."

Kijana akipokewa hivyo, huenda tumaini lake la kwanza likavunjika. Lisivunje moyo wake. Aliyekuja kujifunza aweza kurudi baada ya miaka akiwa daktari au mwalimu, aijuapo kazi na lugha. Hata asiporudi, amekwisha kututambua kuwa jirani zake.

Wazazi, nanyi mlio na watoto watamanio kwenda ng'ambo kuhudumia maskini, waulizeni kwanza maswali haya matatu: nani amekuita, wajua kufanya nini, na nani ataiendeleza kazi utakapoondoka? Asiye na jibu aanze na mgonjwa wa jumuiya yake.