Asali Ichachapo: Majibu kwa Aulizaye juu ya Kinywaji cha Asali na Matunda

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Yametufikia masuala ya kijana mmoja wa pande za Kabasa, katika Mkoa wa Mara, nchi iliyo baina ya Musoma, Bunda na Butiama. Kijana huyu ni Muislamu, na nyumba yao ni nyumba ya mchanganyiko: babu yake ni mrina asali, na mama yake, ambaye hakusilimu, kwa miaka mingi ametengeneza pombe ya asali, ile iitwayo wanzuki, akaiuza. Fedha za pombe hiyo ndizo zilizomlipia mwanawe ada ya shule. Sasa mama amezeeka, naye amtaka mwanawe aishike kazi hiyo, aitie na matunda ipendeze zaidi.

Kijana ameuliza yale aulizayo kila mwanzo wa kazi: asali kiasi gani kwa maji kiasi gani, tunda lipi, siku ngapi, na hamira itiwe au isitiwe. Walakini nyuma ya masuala hayo limejificha suala moja, nalo ni hili: ni wapi penye mpaka, na mtu ataujuaje kabla hajauvuka? Tumeona tumjibu hadharani, kwani wenye shaka kama yake ni wengi, na kila mmoja hudhani yuko peke yake.

Kwanza yatupasa tukijue kitu chenyewe, kwa kuwa hukumu ya kitu hufuata kukijua. Asali iliyoiva katika sega ina maji machache, kama sehemu moja katika sita au katika tano; kwa ajili hiyo hukaa miaka wala isioze. Chachu haiwezi kufanya kazi ndani yake. Lakini mtu akitwaa kibaba kimoja cha asali akakichanganya na vibaba vitatu vya maji, akatia embe au papai, ameiamsha chachu iliyokuwa imelala katika asali na katika ganda la tunda. Chachu hiyo ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, aliandika mwaka 1857 na miaka iliyofuata akabainisha kuwa kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Hula sukari, na katika kuila hutoa vitu viwili: hewa, ambayo ndiyo povu tulionalo, na kileo, ambacho hatukioni. Katika joto la pwani ya Ziwa Viktoria siku moja au mbili hutosha kazi hiyo kuanza. Kinywaji kikiachwa majuma kadhaa chaweza kufika sehemu 10 hata 14 za kileo katika 100, na bia ya chupa kwa kawaida ni kama 5 tu. Basi asemaye kuwa pombe ya asali ni nyepesi kwa sababu imetoka kwa nyuki, hajui anenalo.

Suala la kwanza: Je, maji ya asali na matunda ni haramu tangu mwanzo?

Jawabu: La. Asali imetajwa katika Suratu-n-Nahl, aya ya 69, kuwa ndani yake mna dawa kwa watu, na maji ya tunda ni katika vitu vizuri. Imepokewa kwa Bibi Aisha kuwa alikuwa akimlowekea Mtume asubuhi akanywa jioni, na akimlowekea jioni akanywa asubuhi. Na imepokewa kwa Ibn Abbas kuwa Mtume alikinywa kilicholowekwa hata siku ya tatu, na kikisalia baada ya hapo hakukinywa. Riwaya zote mbili zimo katika Sahihi Muslim.

Hapa wengine huteleza. Husema, "Siku tatu zimeruhusiwa," wakahesabu siku kama mtu ahesabuye fedha zake. Ndugu yangu, tambua kuwa siku ni alama tu, na hukumu iko katika kugeuka. Tende chache katika maji si sawa na asali nzito iliyotiwa embe bivu katika dumu lililofungwa. Mtume alikataza pia kuchanganya tende na zabibu katika kulowekwa, na wanazuoni wameeleza sababu yake: vitu viwili vikichanganywa, kuchacha huharakia, na kinywaji huweza kulevya kabla ladha haijageuka. Asali na tunda ni mfano wa hayo. Basi kitengenezwe cha kunywewa siku ile ile, na aliye na friji akiweke humo, akijua kuwa baridi huichelewesha chachu wala haiiui. Ukiona povu lapanda, au kifuniko cha dumu kimevimba, au utamu umepungua na ukali umeingia, hicho si kinywaji chako tena. Wala usingoje ulimi ukwambie, maana aonjaye ili ajue kama kimelevya amekwisha kunywa.

Suala la pili: Nisipotia hamira, kikachacha chenyewe, kosa langu li wapi?

Jawabu: Hamira ya dukani hufupisha njia tu, wala si yo iliyoileta njia. Mtu aliyetia asali na maji katika mtungi, akauweka karibu na moto, akaufunika kitambaa, akahesabu siku, huyo ametenda. Kungoja nako ni kitendo. Mkulima naye haotishi mbegu, lakini hakuna asemaye kuwa shamba lilijilima. Ama aliyelisahau jagi lake katika kabati, huyo hana dhambi ya kusahau. Wajibu wake huanza pale ajuapo: ama akimwage, ama akiache kigeuke siki.

Suala la tatu: Kidogo kisicholevya, cha kutoa baridi au cha kumridhisha mgeni, nacho pia?

Jawabu: Suala hili si geni. Abu Musa al-Ash'ari, alipopelekwa Yemen, alimuuliza Mtume juu ya vinywaji vya watu wa huko, na kimojawapo ni bit'u, nayo ni pombe hii hii ya asali. Jawabu aliyopewa ni kuwa kila kilevyacho ni haramu. Na katika Hadithi nyingine imekuja kuwa kile ambacho kingi chake hulevya, kichache chake nacho ni haramu. Sayyidna Umar naye alipohutubu juu ya mimbari aliihesabu asali katika vitu vitano ambavyo khamri ilitengenezwa kwavyo.

Yafaa msomaji ajue kuwa Imamu Abu Hanifa alitenga khamri ya zabibu na vinywaji vingine, akawa na maneno mengine katika kichache cha hivyo vingine. Lakini mwanafunzi wake, Imamu Muhammad bin al-Hasan, aliafikiana na jumhuri ya wanazuoni, na kauli hiyo ndiyo iliyotolewa fatwa hata katika madhehebu yao. Sisi wa madhehebu ya Shafi hatuna mlango hapo.

Na ukitaka hekima yake, tazama. Lau mpaka ungewekwa katika kulewa kwenyewe, nani angeulinda? Kipimacho mpaka ni akili, na akili ndiyo ya kwanza kunyweshwa. Kileo hakimwambii mtu saa aliyovuka. Kwa hiyo sheria imeutoa mpaka katika kichwa cha mnywaji, ikauweka katika kitu chenyewe, mahali ambapo mtu aweza kuuona hali akili yake i timamu. Na kwa kipimo hicho hicho twaondoa wasiwasi wa upande wa pili: mkate ulioumuliwa na ndizi iliyoiva sana huweza kuwa na chembe ya kileo, lakini hakuna alewaye kwa kula mikate mingi. Kingi chake hakilevyi, basi kichache chake hakina neno.

Suala la nne: Nikikichemsha, au kikawa siki?

Jawabu: Kuchemsha kabla ya kuchacha kwafaa, kwani huiua chachu, ingawa nyingine yaweza kuingia kwa hewa na kwa chombo. Kuchemsha baada ya kuchacha hakukirejezi kuwa halali. Ama siki, Mtume ameisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Kinywaji kilichogeuka siki chenyewe ni tohara. Lakini kilichotiwa kitu ili kigeuzwe, hicho kwa madhehebu ya Shafi hakitohariki.

Suala la tano, nalo ndilo zito: Nimfanyeje mama yangu?

Jawabu: Hapa pana uzito, wala hatutauficha. Imepokewa kuwa katika khamri wamelaaniwa watu kumi, wala si mnywaji peke yake: yumo aikamuaye, aichukuaye, aiuzaye na alaye thamani yake. Basi kijana huyu hawezi kuishika kazi ya mama yake, wala kumchukulia dumu mpaka gulioni. Lakini Suratu Luqman, aya ya 15, imetufunza kuwa hata wazazi wakimshurutisha mtoto katika shirki hatawatii, na pamoja na hayo atakaa nao duniani kwa wema. Ikiwa wema haukuondoka katika shirki, utaondokaje kwa sababu ya mtungi?

Kwa hiyo, ewe mwanangu, usiupige teke mtungi wake. Mtungi ule si wako. Usimwambie kuwa ada aliyokulipia ilikuwa uchafu. Ulikuwa mtoto, hukuwa na amri, na mkono uliokulisha ni mkono wa mama. Mwambie hutaweza kazi hiyo, na useme kwa sauti ya chini. Kisha shika mizinga ya babu yako. Uza asali kwa watu wa chakula na wa dawa, uza na nta. Anayekuja kununua usimchunguze. Lakini umjuaye kwa yakini kuwa ataifanya pombe, usimuuzie, kama vile wanazuoni walivyokataza kumuuzia zabibu yule ajulikanaye kuwa huzikamua khamri.

Na jambo la mwisho ndilo lipimalo ukweli wa dini yako. Mama yako hakupika pombe kwa kupenda ulevi. Alipika kwa sababu ada ya shule haingoji. Ukimnyima mikono yako katika pombe, usimnyime katika njaa. Mchotee maji, mkatie kuni, mletee unga, na mwezi wa kwanza utakapopata fedha ya asali, iweke mkononi mwake kabla hajaiomba. Ajizuiaye na haramu kisha akamwachia mzazi mzigo wote, amejitakasa kwa gharama ya mwingine. Huenda siku moja akaona kuwa asali yalipa bila ya kuchacha, akauacha mtungi kwa hiari yake. Na asipouacha, wewe umetimiza yako.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atulindie akili zetu, na awape wazazi wetu uongofu na riziki njema. Amin. Wallahu aalam.