Mtoto Yuko kwa Nani?

Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma, Julai 2024, familia ya bara inaweza kunywa chai nyumbani na kula cha mchana Dar es Salaam. Zamani safari hiyo ilimeza siku nzima ndani ya basi, watoto wakianza kutapika hata kabla ya Gairo. Sasa ni chini ya saa 4. Neema kubwa, sina ugomvi nayo. Ila aliyekulia Kigamboni au Mafia hufundishwa bahari kidogo kidogo tangu hajaota meno ya pili, na aliyekulia Dodoma huikuta siku moja, yote kwa mpigo, huku mkono mmoja umebeba hotpoti ya pilau na mwingine umeshika mtoto.

Kisa hiki ukikaa pwani utakisikia kwa sura nyingi, kila mara ufuo mwingine na watu wengine. Mimi nakisimulia kama cha familia moja.

Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa. Watu wazima walikuwa 7: baba, mama, bibi mzaa baba, shangazi na mumewe ambao ndio wenyeji wao mjini, binamu anayesoma chuo, na dada wa kazi, msichana wa Kondoa ambaye hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Watoto walikuwa 2, mkubwa miaka 7, mdogo miaka 4. Gawanya mwenyewe: kila mtoto ana walinzi watatu na chenji inabaki. Kwa hesabu hiyo nani angekuwa na wasiwasi?

Walifika ufukweni saa 4 asubuhi na kukuta bahari imeondoka. Mchanga mtupu, vidimbwi vya maji ya vifundoni, viti vya pweza vimelala juani, kaa wanakimbia upande. Baba alicheka. "Bahari yenyewe ndiyo hii niliyoogopeshwa nayo?" Wakatandika mkeka chini ya banda la makuti, watoto wakaachiwa na vindoo vyao.

Hapo ndipo mvuvi yeyote angewaambia jambo, kama wangeuliza. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili nyuma, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua. Siku hizo, pwani ya Dar es Salaam, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita 3. Hukupwa saa 4 au 5 asubuhi na kujaa saa 10 au 11 jioni, kwa hiyo mgeni anayewahi ufukweni huikuta bahari katika hali yake ya upole kuliko zote. Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hunyemelea. Saa ya tatu na ya nne ndizo hubeba karibu nusu ya maji yote: mita 1.5 hivi, na mtoto wa miaka 4 ana urefu wa mita moja tu. Yakianza kujaa saa 4, saa ya tatu na ya nne huangukia kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Yaani wakati wa pilau.

Jingine ambalo macho ya bara hayalioni ni kwamba maji hayaji kutoka mbele peke yake. Hutafuta kwanza mahali pa chini, na mara nyingi pa chini ni kule nyuma, kwenye mkondo uliopo kati ya fungu la mchanga na nchi kavu. Mtu anaweza kuwa amesimama pakavu kabisa na tayari amezungukwa.

Saa 6 na nusu hotpoti ilifunguliwa.

"Wifi, niangalizie mtoto nampakulia mama."

"Yuko na baba yake kule."

Baba alikuwa amemwona mwanawe mdogo akichimba mchanga pamoja na dada, akaridhika, akamgeukia shemeji yake kwa habari za viwanja vya Kibaha. Na kweli dada alikuwa naye. Ila shangazi, ambaye hakujua kwamba dada ndiye mlinzi, alimwita: "Dada, hebu kimbia garini ukalete juisi." Binti wa watu akakimbia. Dada wa kazi haulizi mara mbili. Tangu hapo mtoto alikuwa wa wote, na hakuna aliyekuwa naye.

Alimfuata kaa hadi kwenye fungu. Alipogeuka, mkondo ulikuwa umejaa, naye kwa akili zake aliamua kurudi alikopitia. Hakupiga kelele. Tunadhani anayezama hupunga mikono na kuita, lakini mtoto ambaye maji yamemfika kinywani hana pumzi ya kuitia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikisha miaka 5. Wengi wa umri huo huzama kimya, watu wazima wakiwa jirani.

Huyu aliokolewa na mama mchokoa pweza aliyekuwa akirudi na ndoo yake kichwani kwa sababu maji yameshageuka. Aliona kichwa, akatupa ndoo, akamnyanyua kwa mkono mmoja. "Mwenye mtoto nani?" Wakasimama wote.

Mtoto alikohoa, akatapika maji ya chumvi, akalia. Walimpeleka hospitali hata hivyo, na walifanya vyema: aliyemeza maji akaendelea kukohoa au kupumua kwa shida anaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye, hata kama ameshaanza kucheza.

Jioni, lawama ilitafuta mahali pa chini kama yalivyofanya maji, ikamkuta dada. Mama alitaka apandishwe treni ya asubuhi. Hapa ndipo kisa kinaponikera kila ninapokisikia, kwa kuwa katika sura zake zote anayefukuzwa ni yule aliyetumwa, na aliyemtuma hatajwi. Katika sura hii bibi alikataa. "Mimi nimechunga. Mbuzi hakabidhiwi kwa macho, anakabidhiwa kwa mdomo. Anayepokea anajibu, 'Nimepokea.' Nani kati yenu alipokea?"

Hakuna aliyejibu.

Waliporudi ufukweni, baada ya kumuuliza mvuvi maji yanageuka saa ngapi, bibi alivua kanga yake ya mabegani na kuweka sheria. Mwenye kanga ndiye mwenye watoto. Hali, hashiki simu, hatumwi na mtu yeyote hata mama mkwe, wala hakai mbali nao kuliko urefu wa mkono wakiwa majini. Baada ya nusu saa anamvisha mwingine na kumtaja kwa jina. Dada aliwekwa zamu ya mwisho, ili kwanza aone wakubwa wanavyofanya. Zamu ya saa 6 na nusu ilimwangukia mume wa shangazi, akalalamika kwamba pilau litapoa. Bibi akamwambia nyumbani jiko lipo.