Je, kuweka akiba ni kukosa imani?



Mara nyingi, kisha ibada, ndugu hunijia na kuuliza: "Shemasi, Mungu anatulisha kila siku. Je, mtu anayeweka feza ya kesho ana imani kweli?" Mwingine anauliza kwa upande mwingine: "Nikitoa yote kwa nsinsani, nyumbani watakula nini?" Maswali haya si ya kucheka. Yanaingia katika nyumba zetu zote hapa Lubumbashi, siku ya mshahara na siku unga unapokwisha.

Tusome Kutoka 16. Mungu alitoa mana, na kila mtu aliokota kadiri ya watu wa hema yake. Wengine wakaacha ya kesho, ikaoza, ikatoa funza. Wengi wetu tunafunga Biblia hapo na kusema: mnaona, akiba ni dhambi. Lakini tuendelee. Siku ya sita waliokota mara mbili, wakaweka mpaka sabato, na haikuoza. Mana ilikuwa ileile. Usiku ulikuwa mmoja tu, kama ule wa kwanza. Tofauti ni nini? Ile ya kwanza mtu aliiweka kwa hofu yake mwenyewe, kinyume cha neno aliloambiwa. Ile ya pili iliwekwa kwa utii, na taifa lote, na kila mtu katika hema alijua ni ya nini.

Yusufu naye, katika Mwanzo 41, aliweka sehemu moja ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba. Hakuificha chini ya kitanda chake. Aliiweka ndani ya miji, karibu na watu ambao wangeila siku ya njaa.

Basi mimi naamini hivi: kinachoozesha feza ya nyumba si kuiweka, ni kuificha.

Jambo hili nimelijifunza kwa uchungu. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona nguo, mtu wa sala, hakugusa pombe. Mwaka 1997 nilifukuzwa shuleni juu ya minervali. Mama aliuza vikwembe vyake viwili, na bado haikutosha; nilikaa nyumbani miezi miwili. Baba alikufa mwaka 2001. Tulipopanga vitu vyake tulikuta, chini ya vitambaa katika sanduku lake, mafungu ya zaire mpya. Feza ile ilikuwa imekwisha kufa. Franka ya Kongo ilianza mwaka 1998, franka moja kwa zaire mpya 100 000, na zile noti za zamani hazikupokelewa tena. Mama hakulia juu ya feza. Alisema neno moja tu: "Hakuniamini."

Baba hakuwa mtu mbaya. Aliogopa jamaa wenye kuomba, aliogopa wezi, aliogopa kesho. Lakini mama alikuwa mwuzaji sokoni, alijua bei inavyopanda kila juma. Kama angejua, angegeuza feza ile kuwa unga au vitambaa ingali na uzima. Hofu ya baba ililinda makaratasi, ikapoteza masomo ya mtoto na moyo wa mke.

Najua mtanijibu. Baba anasema: "Mke wangu akijua, ndugu zake wote watajua." Mama anasema: "Mume wangu akiiona, ataichukua." Siwacheki. Kuna nyumba ambamo maneno hayo ni kweli, na mama anayelinda chakula cha watoto mbele ya mume mharibifu, simwiti mwizi. Lakini hata hapo, kuficha ni dawa ya siku moja. Waite mzee wa kanisa wanayemwamini wote wawili, waketi, waseme ukweli. Uaminifu uliovunjika haujengwi gizani.

Kwa nyumba nyingine nashauri mambo machache. Siku feza inapoingia, baba na mama waketi pamoja na kijitabu, na kila mmoja aseme alichopata, hata mama aliyeuza makala. Tuseme nyumba imepata franka 300 000. Waondoe kwanza sehemu ya Mungu, kisha akiba, kabla ya kwenda sokoni. Kwa maana soko halirudishi kitu. Wakiweka 30 000 kila mwezi, kwa miezi kumi na miwili ni 360 000. Watoto wakubwa waambiwe pia akiba hiyo ni ya nini. Mtoto anayejua hasumbui juu ya viatu. Likelemba ni nzuri, lakini wenzi wote wawili wajue zamu itafika lini.

Na nsinsani? Tutoe kwa furaha, lakini sadaka ipatanwe nyumbani kabla ya kuimba. Yesu alimsifu mjane aliyetoa vyote, lakini yule alitoa vilivyo vyake. Minervali ya mtoto si yangu peke yangu. Nikiitupa mbele ya watu ili kundi langu lishinde, nimetoa sadaka ya mtu mwingine. Timoteo wa kwanza 5:8 inasema wazi juu ya mtu asiyetunza watu wa nyumba yake.

Wandugu, kanisa letu limetufundisha upendo, sheria na kazi. Kazi inaleta feza, sheria inaipanga. Lakini upendo ndio unaofungua sanduku mbele ya mwenzako. Leo jioni, kabla ya sala ya nyumba, baba amwulize mama, na mama amwulize baba: "Tuna nini?" Na anayeulizwa ajibu kweli.

Mungu abariki nyumba zenu. Amina.