Pazia la Nyumba ya Mlevi

Someni Malaki 2:13-16. Nabii asema na watu wanaolia kwa kuwa Mungu hapokei sadaka zao. Naye awaonyesha sababu, wala haimo hekaluni, imo nyumbani mwao: wamewatenda vibaya wake waliowaoa ujanani, na Bwana alikuwapo, akaona.

Nalikumbuka neno hilo niliposoma habari za wanawake wa Marekani katika karne ya 19. Nchi ile ilikuwa na makanisa mengi, na vilabu vya pombe vingi pia. Sheria waliyoirithi kwa Waingereza ilimhesabu mke kuwa ndani ya mumewe. Hata ujira wake wa kufua nguo za watu ulikuwa wa mume. Naye akiwa mlevi, aliweza kuuchukua na kuunywa, wala hapakuwa na hakimu wa kumwuliza. Jimbo la Mississippi lilianza kulegeza mambo ya mali mwaka 1839, na New York mwaka 1848. Lakini hata huko New York, mke hakupewa haki ya ujira wake mpaka 1860.

Na fimbo je? Mwaka 1874 mahakama kuu ya North Carolina iliamua kesi ya mtu aliyerudi kwake asubuhi amelewa. Alisema nyama ina mabuu, akatupa kikombe na birika la kahawa pembeni, akatoka kukata fimbo mbili, akampiga mkewe mapigo matano. Alama zikakaa majuma mawili. Mahakimu wakanena vema kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe, na faini yake ya dola 10 ikathibitishwa. Lakini wakaongeza kwamba pasipo jeraha la kudumu wala ukatili, ni afadhali kushusha pazia, watu wasitazame, na wawili wale waachwe wasahau na kusameheana.

Pazia hilo lamsitiri nani? Kusamehe ni agizo la Bwana wetu, wala silipunguzi. Lakini hapo aliyepigwa ndiye aagizwaye kusamehe, na aliyepiga ndiye apewaye sitara. Nasi wachungaji na wazee wa kanisa, ambao mara nyingi humwambia mke aliyevimba uso arudi akavumilie, tusiwacheke mahakimu wale.

Hata waliochukia pombe hawakutaka kuwasikia wanawake. Mwaka 1852, mjini Albany, Susan B. Anthony alisimama kusema katika mkutano wa kupinga ulevi, akaambiwa kwamba akina dada wameitwa kusikiliza na kujifunza. Akatoka.

Tarehe 24 Desemba 1873, huko Hillsboro katika Ohio, wanawake wapatao 70 walikusanyika kanisani, wakatoka wawili wawili, Eliza Thompson akiwaongoza. Kura hawakuwa nayo, kuomba hawakukatazwa. Wakawaendea wauza vileo, wakaimba, wakapiga magoti madukani mwao, wakiwasihi waache biashara ile. Miji mingine ikafuata, na walipofungiwa milango waliomba nje penye baridi. Mwaka 1874 wakaunda umoja wao mjini Cleveland. Frances Willard, aliyeuongoza tangu 1879, alidai kura kwa ajili ya kulinda nyumba. Katiba ilipobadilishwa mwaka 1920 ili wanawake wasinyimwe kura, yeye alikuwa amekwisha kufa tangu 1898.