Dhamiri ya Mjumbe, Kura ya Mwananchi

Tarehe 19 Desemba 2016, wajumbe 12 wa uchaguzi wa jimbo la Washington walikutana Olympia kumpigia kura rais wa Marekani. Hillary Clinton alikuwa ameshinda jimboni humo, na wote 12, watu wa chama chake, walikuwa wametia saini kwamba watampigia yeye. Karatasi zilipohesabiwa, Clinton alipata kura nane. Tatu zilikwenda kwa Colin Powell, jenerali mstaafu ambaye hata hakugombea, na moja kwa Faith Spotted Eagle, mama wa kabila la Yankton aliyejulikana kwa kupinga mabomba ya mafuta.

Wale watatu wa Powell hawakununuliwa. Walitaraji wajumbe wa Republican nao wangehamia kwake, Donald Trump akakosa kura 270 kati ya 538, na uamuzi ukaenda Bunge la Wawakilishi. Walimtegemea Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliyetetea mwaka 1788 kwamba rais achaguliwe na watu wachache wenye uwezo wa kupima kwa utulivu sifa za anayeomba kuongoza.

Hoja ina uzito, hasa katika mwaka ambao Clinton alimzidi Trump kwa karibu kura milioni 2.9 na bado akakosa urais. Lakini inakwama hapa: nani aliwaomba wajumbe hao busara yao? Mpiga kura wa Seattle alimchagua Clinton. Wajumbe hakuwajua, wala hawakuwahi kusimama mbele yake kunadi hekima yao. Alichowakabidhi kilikuwa amana.

Mwaka huohuo, mjumbe mmoja wa Republican huko Texas alishika njia nyingine. Imani yake ya Kikristo ilimkataza kumpigia Trump. Ahadi yake kwa chama ilimkataza kumpigia mwingine. Akajiuzulu, nafasi yake ikajazwa. Ni kweli hesabu haikubadilika hata kwa kura moja. Ila alitambua kwamba dhamiri ilikuwa yake na kura haikuwa yake, na kwa hilo anastahili heshima kuliko wale wa Olympia.

Tarehe 6 Julai 2020 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba jimbo linaweza kumwadhibu mjumbe anayevunja ahadi. Watatu wa Powell, waliotozwa faini ya dola 1,000 kila mmoja, wakashindwa kesi.

Je, basi mjumbe abaki tarishi tu? Mwaka 1872 mgombea urais Horace Greeley alifariki tarehe 29 Novemba, wananchi wakiwa wameshapiga kura na wajumbe bado. Kati ya wajumbe wake 66, 63 waliwapigia watu wengine, wengi wao Thomas Hendricks wa Indiana. Watatu wa Georgia walimpigia marehemu, na Bunge likakataa kuzihesabu kura hizo. Hapo ahadi ilikuwa imefia mikononi mwao, na mtu wa kuamua alihitajika. Jaji Elena Kagan, aliyeandika hukumu ya 2020, alilikumbuka hilo: alieleza kwamba hukumu hiyo isichukuliwe kuwa inaruhusu majimbo kumfunga mjumbe kwa mgombea aliyefariki.