Nani Mwenye Haki ya Kufuta Filamu?

Je, mtunzi ana haki ya kuifuta kazi yake mwenyewe? Swali hili lilinijia nikiwa kwenye benchi la banda la video, Konyo Konyo, hapa Juba. Filamu ilikuwa ya Kimarekani, lakini sauti iliyotawala ilikuwa ya VJ wa Kampala, akitafsiri kwa Kiganda na kuchomeka utani wake. Wengi wetu hatukijui Kiganda. Tulicheka hata hivyo.

Mwaka 1988 George Lucas alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga wanaotia rangi filamu za zamani za rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 1997 akaitoa upya Star Wars yake ya 1977 ikiwa na mabadiliko. Katika toleo la kwanza Han Solo ndiye anayempiga risasi Greedo. Katika lile jipya Greedo ndiye anayeanza. Mhuni amegeuzwa mtu anayejitetea! Mwaka 2006 toleo la awali lilitolewa kwenye DVD kama nyongeza tu, tena kwa picha hafifu.

Sina ugomvi na kurekebisha. Bibi zetu hawasimulii hadithi moja kwa namna ile ile mara mbili. Ila bibi hawezi kuifuta hadithi ya jana vichwani mwetu, na hajaribu. Lucas alitaka toleo jipya lichukue nafasi ya lile la kwanza, na hapo ndipo ninapomlaumu. Filamu ikishatazamwa, kumbukumbu yake ni mali ya watazamaji pia.

Wenzangu wataniuliza: na Isaac Nabwana je? Huyu ni mtengenezaji filamu wa Wakaliga, Kampala, aliyetoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Toleo lake la awali limepotea, kwa kuwa alifuta mafaili ili kompyuta ipate nafasi ya kazi iliyofuata. Kilichobaki ni toleo lenye maneno ya VJ Emmie juu yake. Siwezi kumweka kundi moja na Lucas. Mmoja alikosa nafasi, mwingine alikuwa na kila kitu akaamua kuficha. Tena ajabu ni kwamba kelele za VJ, ambazo msafi wa sanaa angeziita uharibifu, ndizo zilizoiokoa filamu.

Nyaraka za serikali yetu nazo ziliwahi kurundikwa ndani ya hema hapa Juba, na si kwa sababu kuna aliyezichukia.